Barua ya wazi kwa wenye vikokotoo vya safari za anga: acheni kutupa saa za ndege isiyokuwepo

Kwa ndugu wahusika: nyinyi mnaotengeneza na kusimamia vikokotoo vya umbali na muda wa safari za ndege, mnaoandika hesabu zake, na mnaoidhinisha kile ambacho umma utasoma.

Yah: Muda wa kuruka kati ya viwanja vya ndege vilivyo pembezoni mwa dunia

Baada ya salamu, nina shauri moja, na ninaliweka mbele ili hata asiye na nafasi ya kusoma barua yote alipate. Mtu anapowauliza safari kati ya viwanja viwili huchukua muda gani, na hakuna ndege inayoruka kati ya viwanja hivyo, mwambieni hakuna ndege. Msimpe saa na dakika. Umbali mpeni, kwa kuwa umbali upo hata kama hakuna anayeusafiri. Muda wa kuruka ni jambo jingine: ni habari ya ndege fulani, katika njia fulani, ikiwa na mafuta kiasi fulani. Ndege hiyo ikikosekana, muda nao haupo.

Mnavyofanya hesabu najua, na hesabu yenyewe sina ugomvi nayo. Mnachukua latitudo na longitudo za viwanja viwili, mnapima njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia, yaani ile ya duara kuu, kisha mnagawanya kwa mwendo wa ndege: kilomita 800 kwa saa, au 850, au 900, kutegemea aliyeandika programu. Wengine huongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Anayeichukulia dunia kuwa tufe kamili lenye nusu kipenyo cha kilomita 6,371 hukosea kwa nusu asilimia hivi akizidi sana, maana dunia imebonyea kidogo kwenye ncha zake. Anayetumia umbo la WGS 84, yaani kielelezo cha dunia iliyobonyea kinachotumiwa na GPS, na kanuni aliyoichapisha mtaalamu wa vipimo vya dunia, Vincenty, mwaka 1975 hupata jibu safi kabisa, ingawa kanuni hiyo hugoma viwanja vinapokaribia kuwa pande mbili za dunia zinazoelekeana. Haya mnayajua kuliko mimi, na nusu asilimia haijawahi kumlaza mtu uwanjani.

Kinachowalaza watu viwanjani ni mstari wa pili wa jibu lenu, ule wa muda.

Chukueni viwanja viwili vya mbali kwelikweli. Kimoja ni cha kisiwa cha Saint Helena, katikati ya Atlantiki ya Kusini, msimbo wake HLE. Cha pili ni Mataveri, kwenye Kisiwa cha Pasaka au Rapa Nui, ndani ya Pasifiki, chini ya utawala wa Chile, msimbo IPC. Kwa duara kuu, umbali kati yake ni takriban kilomita 10,500. Gawanyeni kwa 850, mtapata saa 12 na dakika 21. Msomaji akiona hivyo huwaza usiku mmoja: unapanda ndege jioni, unalala, unaamka umefika.

Sasa mtu huyo aondoke Saint Helena kweli. Ndege ya abiria iliyopo hapo kwa ratiba inaelekea Johannesburg, kilomita 3,700 hivi kuelekea mashariki, na yeye safari yake ni ya magharibi. Kutoka Johannesburg inabidi aivuke tena Atlantiki ileile aliyotoka katikati yake, kilomita 7,400 na zaidi hadi São Paulo. Halafu Santiago, kama kilomita 2,600. Halafu Mataveri, kilomita 3,750 nyingine. Jumla ni karibu kilomita 17,500, na kukaa hewani peke yake kunameza karibu siku moja, mchana na usiku wake, kabla hujahesabu kusubiri ndege za kuunganisha, hoteli, na visa vya nchi anazopitia. Tena sehemu kubwa ya mwaka ndege ya Saint Helena huenda mara moja tu kwa wiki. Ukikosa kuunganisha, hujachelewa saa mbili; umechelewa wiki.

Kinachonichekesha ni kwamba mstari wenu ulionyooka, ukiuchora vizuri juu ya tufe, unakata Amerika Kusini na kupita karibu na Santiago hiyohiyo. Yaani hata ndege yenu ya kufikirika ingepita juu ya mji ambao abiria wa kweli anaufikia baada ya kuzunguka Afrika Kusini na Brazili.

Mtaniuliza: kwa nini basi isiruke moja kwa moja, hata ya kukodi? Hapo ndipo mngeona kwamba kugawanya kilomita kwa mwendo hakutoshi. Njia ya kurukia ya Saint Helena ina urefu wa mita 1,950 hivi, imejengwa juu ya ardhi iliyojazwa bondeni, upande mmoja bahari na upande mwingine milima. Uwanja ulikamilika mwaka 2016, lakini safari za ratiba zikachelewa hadi Oktoba 2017, kwa sababu upepo ulikuwa ukibadilika ghafla nguvu na mwelekeo pale ndege inapokaribia kutua. Kabla ya hapo watu wa kisiwa walikuwa wakisafiri kwa meli, RMS St Helena, kama siku tano kutoka Cape Town. Shirika la Airlink lilipoanza safari hizo lilitumia Embraer 190, ndege yenye viti karibu 100, na likauza viti 76 tu. Vilivyobaki viliachwa wazi ili kupunguza uzito, kwa sababu ndege inatakiwa ifike na mafuta ya kutosha kugeuza na kurudi bara ikishindwa kutua. Embraer 190 haifiki hata nusu ya kilomita 10,500. Na ndege kubwa ya masafa marefu, ikiwa imejazwa mafuta ya saa 12, haiwezi kuondoka kwenye mita 1,950.

Kwa Mataveri mambo yamegeuka. Njia yake ya kurukia ina mita 3,318, ndefu kuliko ya miji mikuu mingi. Ilirefushwa mwaka 1987 ili ifae kutua kwa dharura kwa chombo cha anga za juu cha NASA. Ndege kubwa zinaingia bila shida. Shida ni bahari. Rubani anayekwenda huko, akikuta ukungu au njia imezibwa, hana uwanja wa pili wa kukimbilia ulio karibu. Kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, zina jina maalumu kwa viwanja vya namna hii: viwanja vilivyojitenga. Ndege inayokwenda huko hubeba mafuta ya kuiwezesha kukaa hewani saa mbili juu ya uwanja wenyewe, na katika mpango wa safari huwekwa nukta ambayo ukishaivuka hakuna kurudi. Kabla ya kufika kwenye nukta hiyo rubani anauliza hali ya hewa, anapiga hesabu, anaamua. Siku nyingine uamuzi ni kugeuza. Abiria aliyeondoka Santiago akarudishwa Santiago ameruka saa nyingi, na umbali aliosogea ni sifuri.

Halafu kuna upepo, ambao nyinyi mmeufuta kabisa. Kikokotoo chenu hutoa muda uleule kwenda na kurudi. Kati ya Santiago na Mataveri, kwenda kisiwani ni kupambana na upepo wa magharibi na kurudi ni kusukumwa nao, kiasi kwamba kwenda huzidi kurudi kwa nusu saa au zaidi. Ni kisa kilekile cha London na New York: saa nane hivi kuelekea magharibi, saa saba hivi kuelekea mashariki. Kwenye viwanja vikubwa kosa hili halimwumizi mtu, kwa sababu abiria ataona muda halisi kwenye tiketi yake. Kwenye viwanja vya mbali, mara nyingi namba yenu ndiyo ya kwanza na ya pekee anayoiona kabla ya kufanya uamuzi.

Sitarefusha habari za ndege zenye injini mbili, maana zinajulikana. Kwa kawaida hazitakiwi kuwa mbali na uwanja wa kutua kwa zaidi ya saa moja ya kuruka kwa injini moja, isipokuwa ndege na shirika viwe vimepewa kibali cha ziada. Vibali vya dakika 120 vilianza mwaka 1985, na leo vipo virefu zaidi. Lakini palipo na bahari tupu pande zote, hata mwenye kibali huenda akapinda njia. Mstari wenu haupindi.

Mnaweza kudhani malalamiko haya ni ya masafa marefu tu. Njooni basi kwenye ufupi. Kati ya visiwa vya Westray na Papa Westray, kaskazini mwa Uskoti, kuna safari ya ratiba ya kilomita 2.7. Ratiba inasema dakika mbili, na siku ya upepo mzuri imewahi kukamilika kwa sekunde 53. Kikokotoo kinachogawanya kwa 850 kitasema sekunde 11. Kinachoongeza nusu saa kitasema dakika 30. Wa kwanza anaitaka ndege ndogo ya propela iende kasi ya ndege ya bara hadi bara, wa pili anawazungusha abiria hewani nusu saa juu ya mkondo mwembamba wa bahari, na wote wawili wanaandika jibu kwa herufi nzito.

Uskoti hiyohiyo ina kiwanja cha Barra ambako ndege hutua juu ya mchanga wa ufukwe, na ratiba hupangwa kwa kufuata maji kujaa na kupwa. Lukla, huko Nepal, ina njia ya kurukia ya mita 527 iliyoinama kama paa la nyumba, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,800. Kutoka Kathmandu ni dakika 30 na kitu kwa ndege ndogo, ila ndege hukimbilia kuruka asubuhi kabla upepo na mawingu havijapanda, na msimu wa watalii wengi safari nyingi huhamishiwa kiwanja cha Ramechhap, ambacho kutoka Kathmandu unakifikia kwa gari saa nne au tano. Nani kati yenu ameziandika saa hizo za barabara?

Visiwa vya Pasifiki vinaonyesha jambo hili vizuri zaidi. Tarawa na Kiritimati ni vya nchi moja, Kiribati, na kati yake kuna takriban kilomita 3,300. Jibu la kikokotoo ni saa nne kasoro. Kwa miaka mingi, mwananchi aliyetaka kutoka kimoja kwenda kingine kwa ndege ya kawaida alipitia Nadi, nchini Fiji, yaani ashuke kusini mwa ikweta kisha apande tena, jumla kama kilomita 5,700, akisubiri ndege ambayo ilipita Kiritimati kwa nadra. Alitoka nje ya nchi yake ili afike sehemu nyingine ya nchi yake.

Samoa na Samoa ya Marekani ziko karibu mno, nusu saa na ushei kwa ndege ndogo, lakini mstari wa tarehe unapita katikati yake tangu Samoa ilipohamia upande wa pili wa mstari huo na kuiruka kabisa tarehe 30 Desemba 2011. Saa za ukutani zinafanana. Tarehe ndiyo inatofautiana kwa siku nzima. Baadhi ya programu zinazotafuta muda wa safari kwa kutoa saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika hutoa majibu ya ajabu hapo. Na ukifika Totegegie, uwanja wa visiwa vya Gambier huko Polinesia ya Kifaransa, bado hujafika: uwanja uko kwenye kisiwa chake cha matumbawe, makazi ya watu yapo kisiwa cha Mangareva, na kati yake unapanda mashua. Anayekwenda kisiwa cha Pitcairn, ambako hakuna uwanja wowote, ndiyo kwanza safari yake ya meli inaanzia hapo, zaidi ya siku moja baharini.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Siwaiti waongo, jamani, ila namba zenu zina ufupi huohuo.

Nasema haya nikiwa mtu ambaye kazi yangu ni kupangia wengine safari. Watu huja na saa zenu mkononi. Mtafiti ameshaahidi kwamba ataondoka Jumatatu na Jumatano awe kazini. Ofisi imeshapitisha posho ya siku mbili. Mwenye mgonjwa anauliza kwa nini ninamwambia siku nne wakati yeye ameona saa nane. Nikimweleza ananitazama kana kwamba nataka kumuuzia tiketi ya ghali, maana neno langu halina dakika na lenu lina dakika. Hapo ndipo uzito wa jambo ulipo. Ukimwambia mtu "kama nusu siku", anaelewa kwamba umekisia. Ukimwambia "saa 12 na dakika 21", anaamini kuna aliyeshika saa. Dakika hizo 21 hazikupimwa na yeyote; zimetokana na kugawanya.

Zaidi ya hayo, namba hizo hazikai kwenu. Zinanakiliwa na makala za utalii, zinasomwa na programu za kujibu maswali, zinaingia kwenye majedwali ya bajeti, na zikishatoka kwenu hakuna tena anayekumbuka kwamba zilikuwa makadirio. Najua mtasema mliandika chini kabisa, kwa maandishi madogo, kwamba muda halisi unaweza kutofautiana. Kutofautiana ni pale ndege inapochelewa dakika 40 kwa sababu ya foleni ya kutua. Ndege kutokuwepo hakuitwi kutofautiana.

Jibu la pili ninalolitarajia ni gharama. Taarifa za ratiba za mashirika ya ndege zinauzwa, tena si bei ndogo, na huduma yenu ni ya bure. Hoja hii naiheshimu. Lakini kunyamaza hakuna gharama. Kama hamna ratiba, toeni umbali na msiandike muda. Nafasi hiyo ikibaki tupu, msomaji atajua aulize kwingine.

Umbali wenyewe, nirudie, una kazi yake na hakuna anayewataka muuache. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 hupanga fidia ya abiria kwa umbali wa duara kuu, na mipaka yake ni kilomita 1,500 na 3,500. Mwaka 2017 Mahakama ya Haki ya Umoja huo iliamua kwamba hata abiria aliyeunganisha ndege, umbali wake upimwe moja kwa moja kutoka alikoanzia hadi alikoishia, bila kuhesabu alivyozungushwa. Kwa abiria huyo mstari ulionyooka ndio ukweli wa kisheria. Kwa upande wa hesabu za kaboni, ICAO yenyewe haikuuamini mstari huo peke yake: kikokotoo chake huongeza kilomita 50 kwenye safari zilizo chini ya kilomita 550, kilomita 100 kwa za kati, na 125 kwa zinazozidi kilomita 5,500, kwa kuwa ndege huzunguka na kupinda. Waliohitaji usahihi walikwisha kutambua kwamba umbali wa ramani na safari ya ndege ni vitu viwili. Nyinyi mmevifunga pamoja kwenye sanduku moja lenye rangi.

Kwa hiyo naomba yafuatayo, na hakuna linalohitaji mtambo mpya. Umbali uandikwe kuwa ni wa duara kuu, kwa kilomita na kwa maili za baharini za mita 1,852, na uzungushwe. Desimali mbili kwenye kilomita elfu kumi ni mapambo. Muda uonekane pale tu mnapojua kuwa njia hiyo inarukwa, na uwe wa kila upande peke yake, pamoja na siku za wiki au msimu wa ndege hiyo na tarehe mliyohakiki mara ya mwisho. Pale ambapo njia ya kweli inapita kwingine na mnaifahamu, itajeni kwa majina ya viwanja, hata bila saa. Mkimwambia mtu "kupitia Johannesburg, São Paulo na Santiago" mmemsaidia kuliko dakika 21 zile. Na kiwanja kilichofungwa, au ambacho kimebaki cha jeshi tu, kiondoeni kwenye orodha ya kuchaguliwa kama kituo cha abiria.

Hoja moja ya mwisho ni ya masahihisho. Wanaojua viwanja hivi ni wachache: marubani wake, watumishi wake, na wakazi wanaovitegemea kwa dawa na barua. Wakiwaandikia kwamba mmekosea, barua yao isomwe na mtu na ijibiwe, kwa sababu hakuna mwingine atakayewaeleza. Anzeni na njia ya HLE kwenda IPC. Ifungueni, futeni mstari wa muda, kisha mjibu barua hii mkishamaliza.

Wenu katika shughuli za safari,

Mpangaji safari, msomaji wenu wa siku nyingi